Anthrax: albamu za John Bush zimedhulumiwa, na hata za Belladonna hazijasikilizwa zote

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Ukizuka mjadala wa thrashi humu, ile metali ya kasi, majina ya bendi ni yale yale manne: Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax. Ikifika zamu ya Anthrax watu wanataja Among the Living ya 1987, wachache wanaongeza Spreading the Disease ya 1985, kisha wanarukia 2011 bendi iliporudi na Worship Music. Katikati hapo kuna miaka zaidi ya kumi ya kazi inayochukuliwa kama mtoto wa kambo. Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya miaka hiyo.

Kwa wageni, kwa kifupi. Bendi ilianzia New York mwaka 1981, waanzilishi wakiwa Scott Ian kwenye gitaa la rithimu na Dan Lilker kwenye besi. Albamu ya kwanza, Fistful of Metal ya 1984, aliimba Neil Turbin. Lilker akatolewa, besi akashika Frank Bello, mpwa wa mpiga drams Charlie Benante. Turbin naye akaondoka, akaja Joey Belladonna, na kikosi hicho, kikiwa na Dan Spitz kwenye solo, ndicho kilichowapa jina duniani. Mwaka 1992 Belladonna akaondolewa. Nafasi yake akachukua John Bush wa Armored Saint, bendi ya Los Angeles.

Bush akaimba albamu nne za nyimbo mpya: Sound of White Noise (1993), Stomp 442 (1995), Volume 8: The Threat Is Real (1998) na We've Come for You All (2003). Nasema bila kumung'unya maneno: ya kwanza na ya mwisho zinasimama bega kwa bega na chochote walichorekodi miaka ya themanini, na hizo mbili za katikati zina nyimbo ambazo zingekuwa maarufu leo kama zingeuzwa inavyostahili.

Kinachowapoteza watu ni kumsikiliza Bush wakimtafuta Belladonna. Sauti ya Belladonna iko juu, safi, inaelea juu ya magitaa. Yule ni mtu wa roki yenye melodi, anaimba hadi nyimbo za bendi ya roki ya Journey akiwa na bendi yake ya pembeni. Bush ana mkwaruzo, na sauti yake inatembea sambamba na gitaa la Scott Ian, haiko juu yake. Sikiliza "Only", wimbo wa pili kwenye Sound of White Noise. Kwenye beti anabana sauti na kuyakata maneno mafupi mafupi, Benante anapata nafasi ya kucheza na drams. Kikifika kiitikio anafungua koo lote, melodi inapanda, lakini ule mkwaruzo haupotei. Belladonna angeuimba wimbo huo vizuri, ila ungekuwa wimbo mwingine.

Na kwa wanaodhani Bush aliizamisha bendi: Sound of White Noise ilifika nafasi ya 7 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Hakuna albamu yao nyingine iliyopanda zaidi ya hapo, kabla wala baada.

Karibuni tujadili.

#2

Nimewahi siti ya mbele. Mimi ni Belladonna damu damu ila mtu akija na hoja namsikiliza.

#3

Mkuu, kwa heshima zote, sikubaliani nawe.

Nafasi ya 7 ya mwaka 1993 ilijengwa na nani? Na Belladonna. Watu walinunua albamu ile kwa sababu ya jina lililotengenezwa na Among the Living, State of Euphoria na Persistence of Time, kisha ukaja "Bring the Noise" na Public Enemy mwaka 1991 ukawafikisha kwa watu ambao hawakuwahi kugusa metali. Bush alikuta shamba limeshalimwa. Ndiyo maana Stomp 442 ilipotoka miaka miwili baadaye ikaishia nafasi ya 47.

Halafu tuseme ukweli kuhusu sauti ya albamu yenyewe. Mwaka 1993 Marekani nzima ilikuwa imelewa grunji, ile roki nzito ya huzuni ya Seattle. Anthrax wakamwendea Dave Jerden, prodyuza aliyetoka kutengeneza Dirt ya Alice in Chains mwaka mmoja kabla. Magitaa yakashushwa, mwendo ukapungua, sauti ya mwimbaji ikawa ya mtu mwenye machungu. Hiyo ni bendi inayofuata upepo. Thrashi ya New York ilikuwa na kasi, ukorofi na uchangamfu, watu wenye kaptula za wateleza kwa ubao na kofia wakiimba kuhusu vibonzo vya Judge Dredd. Bush alipoingia, uchangamfu ulikufa.

Kuna jambo jingine mashabiki wa Bush hawaligusi kabisa. Belladonna hakuwa mtunzi mkuu wa mashairi. Scott Ian alikuwa anamwandikia, Benante anatengeneza muziki, yeye anakabidhiwa maneno yaliyojaa silabi na kuambiwa ayapatie melodi. Chukua "Caught in a Mosh". Yale maneno mpe mwimbaji mwingine uone kama hatayapayuka tu. Belladonna aliyafanya yaimbike. Kazi hiyo haionekani, na ndiyo iliyowatofautisha Anthrax na Slayer.

#4 · Mleta uzi

Hoja ya mwisho nakupa mkono. Belladonna kuyapa maneno ya Scott Ian melodi ni kazi ambayo haijasifiwa ipasavyo.

Hoja ya grunji ndiyo nakataa, tena kwa tarehe. Armored Saint ilianza 1982. March of the Saint, albamu yao ya kwanza, ilitoka 1984, na mkwaruzo wa Bush umo humo tayari, grunji ya Seattle ikiwa bado haijulikani. Mwaka 1991 Armored Saint wakatoa Symbol of Salvation. Prodyuza ni nani? Dave Jerden huyo huyo. Kwa hiyo Bush na Jerden walishafanya kazi pamoja kabla Dirt haijarekodiwa. Bush hakubadilishwa sauti ili afanane na Seattle. Anthrax walimchukua mtu alivyo.

Na huyu hakuwa mtu wa kuokotwa. Siku za mwanzo za Metallica, James Hetfield akiwa bado hajaamua kubeba uimbaji moja kwa moja, walimtaka John Bush. Akakataa, akabaki na marafiki zake wa Armored Saint. Akaenda nao hadi mpiga gitaa wao Dave Prichard akafariki kwa saratani ya damu mwaka 1990, na Symbol of Salvation wakaikamilisha bila yeye. Mtu aliyetoka kwenye msiba wa namna hiyo ukimsikia anaimba kwa machungu, machungu ni yake.

Kuhusu uchangamfu kufa: ulianza kufa mwaka 1990, Belladonna akiwa bado kwenye maikrofoni. Sikiliza Persistence of Time tena.

#5

Hapo kwenye Persistence of Time nimeshindwa kukaa kimya. Nyie mnabishana Bush na Belladonna, albamu iliyodhulumiwa kuliko zote kwenye bendi hii ni hiyo.

Januari 1990 moto uliteketeza studio yao ya mazoezi kule Yonkers, ukaondoka na vyombo vya zaidi ya dola 100,000. Walikuwa katikati ya kutengeneza nyimbo za albamu hiyo. Wakaendelea. Kilichotoka ni kazi ya karibu saa nzima, nzito, isiyo na utani hata chembe. "Keep It in the Family" ni wimbo wa dakika saba kuhusu ubaguzi wa rangi unaorithishwa ndani ya nyumba, mzazi kwa mtoto, na hawaukimbizi. Rifu ile, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, inakuja polepole, inarudi, inarudi, mpaka ujumbe uingie. Bendi iliyozoeleka kwa mwendo wa kasi inaamua kutembea, na inatisha zaidi ikitembea.

Belladonna humo ndani ndipo alipoimba vizuri kuliko mahali popote. Kwenye Among the Living anapaa. Huku amejizuia. "Belly of the Beast" inahusu kambi za mauaji za Wanazi, na anaimba bila kuonyesha ufundi wowote wa kujitutumua, kwa sababu maneno hayahitaji. Anayesema Belladonna ni wa kupiga kelele za juu tu hajakaa na albamu hii.

Ilipendekezwa kuwania Grammy, ikashika nafasi ya 24 chati za Marekani, halafu watu wakakumbuka "Got the Time" peke yake, wimbo wa Joe Jackson walioupiga upya. Wimbo mzuri, na Bello anaonyesha besi pale katikati hadi raha, lakini ndio wimbo usiofanana na albamu yenyewe kuliko wote.

#6

Namba 5 umemaliza kila kitu mkuu. Nakazia.

#7

Mimi napiga gitaa la solo kanisani na kwenye bendi ya kukodishwa harusini, kwa hiyo acheni niingie kupitia mlango wa magitaa.

Mnaposema Stomp 442 ilifeli mnasahau hali iliyorekodiwa. Dan Spitz aliondoka kabla ya albamu, akaenda kusomea ufundi wa saa, na akawa fundi saa kweli kweli, wa saa za thamani za Uswisi. Bendi ya thrashi imebaki bila mpiga solo. Charlie Benante, mpiga drams, akachukua gitaa akapiga sehemu kubwa yeye mwenyewe. Paul Crook akasaidia solo. Dimebag Darrell wa Pantera naye akaja kupiga kwenye "King Size" na "Riding Shotgun".

Matokeo yake hakuna solo nyingi za kukimbia. Rifu zinagonga kwa pamoja na drams kama kitu kimoja, na sababu ni rahisi: mtu ni yule yule. Mkono unaopiga gitaa ndio unaojua mguu utaangukia wapi kwenye drams. Wapiga gitaa wenzangu, chukueni "Fueled" mkajaribu kuipiga. Noti si ngumu. Ugumu ni pale unapotakiwa kukata sauti ya nyuzi kwa kiganja cha mkono wa kulia, ukimya uwe mfupi na uwe sawa kila mara. Ukichelewa kidogo tu wimbo unalegea wote. Watu wanaidharau kwa sababu haina mbwembwe, wakati nidhamu yake ni ya kiwango cha juu mno.

Kisha wanafunga albamu na "Bare", wimbo wa polepole, Bush peupe. Mwimbaji gani mwingine wa thrashi wa miaka hiyo angeweza kuubeba?

Kosa la albamu ni moja, na ni kubwa: katikati nyimbo zinafanana mwendo. Ingepunguzwa nyimbo mbili.

#8

Samahani wakuu, mgeni hapa. Mimi ni Metallica tu tangu shule. Hawa nianzie wapi? Na hiyo State of Euphoria mliyoitaja mbona mnaipita haraka?

#9 · Mleta uzi

Karibu sana. Anza na Among the Living, usiruke, kwa sababu bila hiyo hutaelewa ugomvi wetu. Na kwa mtu wa Metallica ina uzito wake: Anthrax ndio waliokuwa wakifungua shoo za Metallica Ulaya Septemba 1986, mpiga besi wa Metallica, Cliff Burton, alipofariki kwenye ajali ya basi Sweden. Albamu ile waliitoa kwa kumbukumbu yake. Halafu nenda moja kwa moja kwenye Sound of White Noise, ili usipate muda wa kumzoea Belladonna ukaanza kumchukia Bush bure.

State of Euphoria ya 1988 tunaipita kwa sababu hata Benante mwenyewe amewahi kulalamika kwamba iliharakishwa. Inaanza kwa kishindo, "Be All, End All" ile inayofunguliwa na selo, inafuata "Out of Sight, Out of Mind", kisha nguvu inapungua. Wimbo ulioipa umaarufu, "Antisocial", ni wa Trust, bendi ya Ufaransa. Ni albamu ya nyimbo tatu nne bora na zilizobaki za kujazia.

#10

Za kujazia? "Who Cares Wins" ni ya kujazia? Wimbo unaozungumzia watu wanaolala barabarani New York, bendi ikiwa kwenye kilele cha pesa? Hapana kaka. Hapo nakataa kabisa. Albamu ina matatizo ya umaliziaji, nakubali, lakini "Who Cares Wins" na "Now It's Dark" ziachwe kwenye orodha ya heshima.

#11

Mnamsahau mzee Turbin kama hakuwepo.

Fistful of Metal ina "Deathrider", "Panic" na "Metal Thrashing Mad". Wimbo huo wa mwisho ndio Malcolm Dome wa jarida la Kerrang! alikuwa anauelezea mwaka 1984 alipotumia jina la thrashi kuuita muziki huu. Yaani jina tunalobishania humu limeshikana na sauti ya Neil Turbin, na hakuna hata mmoja wenu aliyemtaja zaidi ya mstari mmoja.

Alikuwa na kelele za juu za mtindo wa Judas Priest, na hakuwa na mpangilio wa Belladonna, hilo silipingi. Ila alipoondoka aliacha sehemu ya maneno yaliyokuja kutumika kwenye Spreading the Disease, "Armed and Dangerous" ukiwemo. Albamu mnayoiita ya Belladonna ina mkono wa Turbin ndani yake. Mkimpa Bush haki yake, mpeni na huyu.

#12

Naomba nafasi, maana naona albamu moja inatajwa kwa jina tu kila mtu akipita. Volume 8.

Najua udhaifu wake. Nyimbo zimetawanyika, kuna kipande cha kasi ya sekunde chache, kuna "Toast to the Extras" yenye ladha ya kantri, mtu anayetafuta thrashi anatoka mbio. Lakini "Inside Out" na "Catharsis" zina viitikio ambavyo ukivisikia asubuhi unashinda navyo. Bush kwenye "Catharsis" anaimba kama mtu anayejieleza kwa nduguye. Hakuna kelele isiyo na sababu.

Mnaoizima wimbo wa mwisho ukiisha, iacheni iendelee. Kuna wimbo umefichwa, unaitwa "Pieces", na anayeimba ni Frank Bello, mpiga besi. Aliuandika kwa ajili ya mdogo wake aliyeuawa New York mwaka 1996. Sauti yake si ya mwimbaji. Inatetemeka, haina mafunzo, na bendi haikumrekebisha wala haikumpa Bush auimbe vizuri zaidi. Mimi nimefiwa na kaka, sijui kama kuna kitu kwenye muziki mzito kinachosema yale kwa unyofu kama ule. Kila mara ninapoona orodha za mtandaoni zinaiweka Volume 8 mkiani najiuliza kama aliyeandika alifika mwisho wa diski.

#13

Pole sana dada yangu. Naenda kuusikiliza usiku huu.

#14 · Mleta uzi

Dada #12, pole kwa msiba, na asante. Umeitetea kuliko nilivyoweza mimi.

Turudi kwa ndugu yangu #3 na ile nafasi ya 47. Tuangalie kilichotokea nje ya studio. Mwaka 1992 Anthrax walisaini mkataba mnono na Elektra, kiongozi wa lebo akiwa Bob Krasnow. Mwaka 1994 Krasnow akaondoka. Uongozi mpya haukuwa na mapenzi na bendi ya metali iliyorithiwa, na Stomp 442 ikatoka 1995 ikiwa karibu yatima, bila msukumo wa matangazo. Bendi na lebo wakaachana. Volume 8 ikatolewa na lebo ndogo, Ignition, ambayo haikuchukua muda ikafa, na albamu ikapotea madukani nayo. Sasa mwimbaji analaumiwa kwa diski ambayo mtu akiitaka haipati?

Kisha 2001. Barua zenye vimelea vya kimeta, ambacho kwa Kiingereza ni anthrax, zinatumwa Marekani, watu wanakufa, na bendi inajikuta jina lake liko kwenye kila taarifa ya habari. Novemba mwaka huo walipanda jukwaani New York kwenye tamasha la kuchangia wahanga wa Septemba 11, wamevaa suti nyeupe zenye maneno kwamba hawabadilishi jina. Bush alikuwa pale mbele. Miaka migumu kuliko yote ya bendi hii, yeye ndiye aliyesimama kwenye maikrofoni.

Na baada ya yote hayo wakatoa We've Come for You All mwaka 2003. "What Doesn't Die" inafungua kwa drams ambazo Benante hakuwahi kuzipiga kwa kasi hiyo tangu themanini. Rob Caggiano yumo kwenye solo na kwenye utengenezaji. Dimebag amerudi tena. Roger Daltrey wa The Who anaimba kwenye "Taking the Music Back". Halafu kuna "Safe Home", wimbo wa mapenzi wa mtu mzima, mtu aliyechoka safari anayemshukuru anayemsubiri nyumbani. Metali ina nyimbo ngapi za namna hiyo zisizo na aibu wala sukari nyingi? Ndugu #3, hiyo nayo ni grunji?

#15

Mimi niko Nairobi, nimesoma uzi wote bila kupumua. "Safe Home" ndio ilinivuta kwa Anthrax, nikarudi nyuma mpaka 1985. Kwa hivyo mimi nimekuja kwa mlango wa Bush na nampenda Belladonna pia, sioni shida. Lakini kuna kitu nauliza: kama Bush alikuwa mzuri hivyo, mbona 2005 waliwarudisha Belladonna na Spitz?

#16

Swali zuri, nalijibu mimi wa #3.

Mwaka 2005 walirudisha kikosi cha themanini kwa ajili ya ziara ya kumbukumbu. Bush alikuwa na chaguo la kushiriki kwa namna fulani, hakutaka, na simlaumu. Ziara ikaisha, Belladonna hakuendelea. Akaja Dan Nelson 2007, akaondoka 2009 albamu ikiwa njiani. Agosti 2009 Bush akarudi kuokoa jahazi kwenye tamasha la Sonisphere kule Knebworth, Uingereza. Bendi ikamtaka abaki, hakutaka kujifunga moja kwa moja. Mwaka 2010 Belladonna akarudi, na nyimbo zilizokuwa zimeanzwa na mwingine zikafanyiwa kazi upya mpaka ikapatikana Worship Music ya 2011.

Sasa sikilizeni hili. Tarehe 22 Juni 2010, Sofia, Bulgaria, bendi zote nne kubwa jukwaa moja, shoo inarushwa kwenye kumbi za sinema nchi nyingi. Kwenye seti ya Anthrax Belladonna aliimba nyimbo zake, akaimba "Metal Thrashing Mad" ya Turbin, akaimba na "Only" ya Bush. Katikati ya "Indians" wakachomeka kipande cha "Heaven and Hell" ya Black Sabbath kwa ajili ya mwimbaji wake, Ronnie James Dio, aliyekuwa amefariki mwezi uliotangulia. Mtu mmoja amebeba historia yote ya bendi ndani ya seti fupi. Mimi hiyo ndiyo sababu namweka juu. Bush ni mwimbaji mkubwa, We've Come for You All nakubali ni albamu kali, wala si grunji. Lakini Belladonna ndiye anayeweza kuimba kila kitu cha Anthrax.

#17

Bush naye aliimba kila kitu. Au hamjaisikia The Greater of Two Evils?

Mwaka 2004 waliingia studio wakarekodi upya nyimbo za Turbin na Belladonna, wanapiga wote kwa pamoja kama kwenye shoo, Bush anaimba. Ziko "Deathrider", "Panic", "Indians", "Madhouse", "Belly of the Beast", nyingi tu. Huu ndio mzani wenyewe, wimbo mmoja sauti mbili. Mimi nimezipanga pande kwa pande kwenye simu.

"Metal Thrashing Mad" ya Bush inamzidi Turbin, samahani mkuu #11. "Keep It in the Family" inampendeza Bush mno, ule mwendo mzito ni wa koo lake. "Madhouse" anaipoteza, kwa sababu Belladonna kwenye ile ya 1985 anacheka ndani ya sauti, na Bush hajui kucheka namna ile. "Indians" pia anaipoteza.

#18

Mkuu #17 "Keep It in the Family" siitoi kwa Bush hata kwa dawa. Anaifanya iwe ya hasira. Belladonna aliifanya iwe ya aibu, na wimbo ule unahusu aibu. Narudi kuisikiliza zote mbili lakini msimamo ndio huo.

#19 · Mleta uzi

#18, isikilize ya 2004 kwa spika, si kwa simu. Besi ya Bello kwenye simu haipo kabisa, na Bush ameegemea besi wimbo mzima. Ukiisikia bila besi utaona anafoka peke yake hewani. Kisha urudi hapa tuendelee.

Na wewe mgeni wa #8, umefika wapi?

#20

Nimemaliza Among the Living na Sound of White Noise kama ulivyosema. "I Am the Law" nimeirudia mno. Ila wimbo uliokaa kichwani ni "Black Lodge". Ule utulivu wa mwanzo, kinanda kile cha nyuma, halafu jamaa anaimba chini chini. Sikutegemea bendi ya thrashi.

#21 · Mleta uzi

Kinanda hicho kina mkono wa Angelo Badalamenti, mtunzi wa muziki wa Twin Peaks, tamthilia ambayo wimbo umechukua jina lake humo. Umeingia sawasawa. Inayofuata kwako ni Persistence of Time, uisikilize yote kwa mpangilio wake, na "Got the Time" usiianze kwanza. Mdau wa #5 atakusimamia hapo.

#22

Niko tayari. Mgeni, ukifika "Intro to Reality" usiruke, inaingia moja kwa moja kwenye "Belly of the Beast". Zichukue kama wimbo mmoja.